Kabla ya Kumbwaga, Mfikie

Wengi wanaomchagua Zangief kwenye Street Fighter 6 wanavutwa na kitu kimoja: Screw Piledriver, pale anapomkumbatia mtu, akapaa naye hewani huku akizunguka, kisha akamshusha kichwa chini. Inapendeza kuitazama, inauma, na inamkera anayefanyiwa. Basi mtu anaingia chumba cha mazoezi, anairudia mpaka vidole vinazoea, anajitosa kwenye mechi za mtandaoni, na hapo anakuta mpinzani hana mpango wa kusimama akisubiri kukumbatiwa. Anarusha makombora kutoka mbali. Anarudi nyuma. Anaruka. Raundi inakwisha na Zangief hajamgusa mtu. Wiki inayofuata mwenzetu amehamia kwa mhusika mwingine, Ken.

Makala hii ni ya yule anayetaka kubaki. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: ukichukua mhusika mzito, jifunze kwanza kutembea. Kubwaga kutakuja.

Zangief, mwanamieleka wa Kirusi, yupo tangu Street Fighter II ya mwaka 1991, na shida yake haijabadilika tangu wakati huo. Hana kombora hata moja la kurusha. Kazi yake iko karibu, na wenzake wengi wanafanya kazi zao wakiwa mbali au kwa umbali wa kati. Katika toleo hili la sita, lililotoka Juni 2023, amepewa damu 11,000 wakati wahusika wengi wana 10,000, na Akuma aliyeongezwa baadaye ana 9,000 tu. Usiichukulie hiyo 1,000 ya ziada kama zawadi. Ni nauli. Waliomtengeneza wanajua atapigwa njiani kabla hajafika, wakamlipia sehemu ya safari. Mchezaji anayekasirika kila anapopoteza damu kidogo akiwa njiani hajaelewa mhusika aliyemchagua.

Sasa tuangalie kwa nini inafaa kulipa nauli hiyo. Gemu hii inakwenda kwa fremu 60 kila sekunde. Screw Piledriver inaanza kushika ndani ya fremu 5, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna binadamu anayeona kitu hicho kikianza na akawahi kukijibu. Macho na vidole vya mtu wa kawaida vinahitaji kama robo ya sekunde, ambayo ni fremu 15 hivi. Linganisha na Drive Impact, lile pigo la rangi linalovumilia mapigo ya mpinzani: hilo huchukua fremu 26, na mtu aliye macho analiona na kulijibu. Screw haionekani. Tena, kubwagwa kwa kawaida kunaweza kuvunjwa, mpinzani akibonyeza na yeye kwa wakati uleule mnaachana bila madhara. Screw haivunjwi. Ukishashikwa, umeshikwa.

Maana yake ni kwamba mpinzani akiwa ndani ya mkono wa Zangief hajibu tena kile anachokiona. Anabahatisha. Aruke? Abaki amejikinga? Apige? Arudi nyuma kwa kasi? Screw ile nzito inakula zaidi ya robo ya damu ya mhusika wa kawaida, kwa hiyo hana nafasi ya kukosea mara nyingi. Anaweza kupatia mara tatu, akakosea mara moja, na hesabu ikawa bado upande wako. Kazi yako basi ni kumfikisha mahali pa kubahatisha na kumweka pale kwa muda mrefu iwezekanavyo. Sehemu ngumu ni kumfikisha.

Tuseme umepangiwa Ryu, kila mmoja kwenye upande wake wa skrini. Anarusha Hadoken, kombora lake. Mgeni wa Zangief anaruka juu yake palepale, na hicho ndicho Ryu alichokuwa anakitaka: Shoryuken, ile ngumi yake ya kupaa, inamsubiri anapotua. Akirudia mara tatu, nusu ya damu imekwenda na bado yuko mbali. Sasa fanya hivi badala yake. Piga hatua mbele, simama, jikinge. Piga hatua nyingine. Hadoken inayofuata, ipokee kwa Drive Parry. Kombora likigonga pale huumii, na geji yako ya Drive inajaa kidogo badala ya kupungua. Tembea tena. Inachosha kuitazama, najua, na rafiki aliyekaa pembeni ataanza kukucheka. Mwache acheke. Angalia kinachotokea upande wa pili: Ryu amerusha makombora manne, hajakuumiza cha maana, na nafasi kati yenu imepungua karibu nusu.

Na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kila anayerusha kombora amefungwa kwa muda mfupi. Hawezi kukimbia wala kujikinga mpaka mwili wake urudi sawa. Ukiwa mbali, muda huo haukusaidii kitu. Ukiwa umefika katikati ya skrini, mruko mmoja uliokisiwa vizuri unakupeleka kichwani kwake wakati bado mikono yake iko mbele. Si lazima uruke. Inatosha kwamba anajua unaweza. Utaona anaanza kusita, anarusha moja, anaacha, anapiga teke hewani kukuzuia usisogee. Mchezaji mzuri wa Zangief husoma kusita huko kuliko anavyosoma damu iliyobaki.

Kuna umbali mmoja ambao nakuomba uutafute kwa kila mpinzani, mmoja baada ya mwingine, mpaka uujue bila kufikiri: ule ambao teke lake refu kuliko yote linakukosa kwa kidole. Simama hapo. Ingia nusu hatua, toka nusu hatua. Akipiga na kukosa, mguu wake uko nje na wewe una miguu mirefu pia, mwadhibu. Asipopiga, umepata hatua moja ya bure. Wengi wanadhani wako hatarini wakiwa karibu na wako salama wakiwa mbali, na kwa Zangief mambo ni kinyume: mbali ndiko unakouawa polepole, umbali wa kati ndiko kwenye vita, na karibu ni nyumbani kwako. Usikae kwenye umbali wa kati kwa woga ukijidanganya kwamba unapumzika.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kwamba uwanja una mwisho. Kila hatua ambayo mpinzani anarudi nyuma anaitoa kwenye akiba yake mwenyewe, na akiba ikiisha mgongo wake unagusa kona. Mchezaji anayekimbiakimbia mbele ya Zangief anaonekana mjanja kwa sekunde 40 za kwanza, kisha anajikuta hana pa kwenda. Akishafika kona, usifanye haraka. Usirukie. Simama pale ambapo mkono wako unaweza kumfikia kwa hatua moja, na utazame juu. Njia ya kutoroka ambayo karibu kila mtu huijaribu kwanza ni kuruka kukupita, nawe una Double Lariat ya kumpokea hewani, au Aerial Russian Slam kama una geji ya Super ya kutosha, ambayo humdaka mtu aliyeruka na kumrudisha chini palepale.

Nilitaja pia geji ya Drive, na hapa niseme kwa mkazo kwa sababu ndipo wengi wanapofia. Kujikinga kwenye gemu hii si bure. Kila pigo unalolikinga linapunguza geji ya Drive, na geji ikiisha unaingia Burnout: huna Parry, huna Drive Impact, na hata ukijikinga, mapigo maalumu yanakuchubua damu. Kwa mhusika mwepesi Burnout ni tatizo. Kwa Zangief ni hukumu, kwa sababu ile safari yote ya kutembea ilitegemea Parry. Kwa hiyo ukiwa njiani, tazama geji kuliko damu. Kupigwa Hadoken moja ukiwa na geji iliyojaa si msiba. Kufika kwa mpinzani ukiwa na damu nyingi na geji tupu ni kufika mikono mitupu.

Haya, umefika. Sasa ndio muda wa kubahatishana, na hapa tabia za mtaani hutuponza. Kwenye vibanda vyetu vya gemu, ambako Tekken na mpira vinatawala na mshindi ndiye anayebaki na pedi, watu wengi wamejifunza kubonyeza bila kupumzika. Dakika umelipia, kwa nini kidole kikae bure? Tabia hiyo kwa Zangief inakuua. Screw ikikosa, Zangief anabaki amekumbatia hewa kwa muda mrefu wa kutosha mpinzani kukupiga kombo anayoipenda kuliko zote. Kila unapoifanya, uwe na sababu.

Sababu zinatoka kwa mpinzani mwenyewe. Mpige ngumi nyepesi, ajikinge, kisha usifanye kitu. Tazama tu. Anafanya nini baada ya kukinga? Huyu anabonyeza teke la haraka; mara nyingine akifanya hivyo, jikinge na umwadhibu, au mpige pigo lako kabla lake halijatoka. Huyu anaruka kila mara. Screw haimshiki mtu aliye hewani, wala aliye kwenye fremu za kwanza za kuruka, kwa hiyo kwake usibwage, msubiri atue au mpokee na Lariat. Huyu anaamini Shoryuken yake itamwokoa; kinga, iache ipite, kisha chukua unachotaka. Na huyu, ambaye ndiye mzuri kuliko wote, amekaa tu amejikinga kwa sababu ameshazoea kwamba kujikinga ni salama. Huyo mkumbatie. Wapo pia wanaoshikilia Drive Parry wakiona Zangief kasogea. Hao ni chakula chako halali, kwa sababu anayebwagwa akiwa kwenye Parry anaumia zaidi ya kawaida.

Drive Impact nayo: mgeni anaiogopa, na kwa umbali wa mkono haina haja ya kuogopwa. Inavumilia mapigo, haivumilii kushikwa. Fremu zake 26 dhidi ya fremu zako 5 zinakupa muda wa kuiona, kuvuta pumzi, na kumbeba mtu akiwa ameshajitoa mhanga. Wapinzani wa madaraja ya chini wanaitumia hovyo. Jifunze kuijibu kwa Screw mapema, utapanda bila jasho kwa muda fulani.

Kuhusu mkono wenyewe sitakaa sana. Watu wanaogopa ule mzunguko kamili wa kijiti kwa sababu kwenda juu kunamfanya Zangief aruke. Kwa kweli gemu haidai duara zima; inataka upite pande nne. Anza mbele, shuka chini, nenda nyuma, malizia juu huku ukibonyeza ngumi. Ukiufanya kwa haraka, ngumi inatangulia mruko. Njia rahisi zaidi ni kuuficha ndani ya kitendo kingine: piga ngumi nyepesi, na wakati mkono wa Zangief bado uko nje, kijiti chako kinazunguka, au zungusha wakati anatua kutoka kwenye mruko. Ngumi nyepesi inakupa Screw inayofika mbali zaidi lakini inauma kidogo, nzito inauma zaidi lakini inataka uwe karibu kabisa. Ukiona vidole vinagoma kabisa, tumia mfumo wa Modern, ambao unaitoa kwa kitufe kimoja. Adhabu yake ni kwamba pigo maalumu lililotolewa kwa njia ya mkato linabaki na asilimia 80 ya nguvu yake. Wapo wanaodharau Modern. Mimi simo miongoni mwao. Anayeanza ana mambo mengi ya kufikiria kuliko duara, na umbali hauna njia ya mkato kwenye mfumo wowote.

Mtandao unahitaji maneno yake kwa sababu sisi tunacheza mbali na wenzetu wengi. Habari njema ni kwamba gemu za aina hii hazili bando kama watu wanavyodhani. Wakati wa mechi, mashine mbili zinatumiana vitufe mlivyobonyeza, hazitumiani picha. Kinachomaliza bando ni masasisho ya gemu, na hayo yavizie usiku au nenda mahali penye Wi-Fi ya wenyewe. Habari mbaya ni umbali. Mpinzani wa Nairobi au Dar es Salaam na mpinzani wa London si sawa hata mkiwa na kasi ileile ya intaneti, kwa sababu ishara lazima isafiri, na njia yake kubwa ni nyaya za baharini. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, kila mtu wa pwani hii alijua zinapita wapi. Gemu inajaribu kuficha ucheleweshaji kwa kukisia kitakachofuata na kujisahihisha. Kwenye kusahihisha huko fremu za mwanzo za kitendo zinarukwa, na Screw ya fremu 5 inamtokea mpinzani ikiwa imeshamshika.

Unafaidika? Ndiyo, na hilo ndilo tatizo. Kwenye mtandao mbovu Zangief anashinda mechi ambazo hakustahili, kwa kurukia watu wasioweza kumdungua na kukumbatia watu wasiojua nini kimetokea. Siku ukikutana na mtu mwenye mtandao safi, anakudungua kila unaporuka, na unaona kama umesahau kucheza. Usipime uwezo wako kwa mechi zile. Kabla ya kukubali mechi, gemu inakuonyesha hali ya mtandao wa mpinzani na kama anatumia waya au Wi-Fi. Chagua wazuri hata kama utapigwa zaidi. Na wewe mwenyewe, kama ruta iko chumba kimoja na mashine, nunua waya. Hakuna kifaa cha bei ndogo kitakachokusaidia kuliko huo.

Kuna wapinzani watakaokutesa hata ukifanya yote haya. JP anaweza kukuweka mbali raundi nzima, na Dhalsim ana mikono inayokufikia kabla hujamwona vizuri. Guile nitamtaja peke yake kwa sababu ni mwalimu mzuri. Ili arushe Sonic Boom lazima awe ameshikilia nyuma kwa muda. Ili akudungue kwa Flash Kick lazima awe ameshikilia chini. Maana yake ni kwamba Guile anayerusha sana ni Guile aliyekaa au anayerudi nyuma, na nyuma kuna kona. Akisogea mbele, hata hatua mbili, ameachia akiba yake na kwa muda huo hana Boom. Hatua hizo mbili ndizo za kumfukuzia. Anayejifunza kumtembelea Guile bila kuruka anakuwa amejifunza karibu kila kitu nilichokiandika humu. Ndiyo maana ninawaambia wanaoanza wasimkimbie. Kila akija, mwombe mechi ya marudiano.

Usihangaike sana na video za mabingwa wakionyesha kombo ndefu za kona. Kama unapenda kutazama, tafuta mechi za Snake Eyez wa Marekani au Itabashi Zangief wa Japani, watu waliojulikana dunia nzima kwa mhusika huyu, kisha ziba kwa kiganja mistari ya damu iliyo juu ya skrini. Tazama miguu. Hesabu mara ngapi wanasimama kabla ya kusogea. Ndani ya gemu yenyewe unaweza kutafuta mechi zilizorekodiwa za wachezaji wa Zangief walio daraja moja au mawili juu yako, na hizo zina faida zaidi, kwa sababu wanapambana na wapinzani wa aina unayokutana nao.

Anayependa gemu nyingine asidhani hayamhusu. Potemkin wa Guilty Gear Strive hana hata mbio za kawaida ambazo wenzake wengi wanazo, na Jack-8 wa Tekken 8 ana mikono mirefu na mwili mkubwa unaolengeka kirahisi. Majina na vitufe vinabadilika. Swali la umbali liko palepale.

Na usinielewe vibaya nikisema mhusika mzito. Mwili wake ndio mzito. Akili ya anayemcheza inatakiwa iwe mbele ya mpinzani kwa hatua moja muda wote, kwa sababu Zangief hawezi kurekebisha kosa kwa mbio. Ken akikosea anaruka nyuma, anavuta pumzi, anaanza upya. Wewe ukikosea unaanza safari yote tena kutoka mwisho wa skrini, na nauli imepungua. Anayetaka mchezo wa kupumzisha akili baada ya kazi atafute mhusika mwingine, simlaumu.

Kama umeamua kubaki, anzia hapa leo usiku. Fungua chumba cha mazoezi, weka Ryu, mrekodi akirusha Hadoken kwa vipindi visivyolingana na wakati mwingine akinyamaza kabisa, kisha icheze rekodi hiyo bila mpangilio. Mfikie bila kuruka hata mara moja. Ukiweza kumgusa bega ukiwa na nusu ya geji ya Drive, mwekee kitendo baada ya kukinga, mara kuruka, mara Shoryuken, na ubahatishane naye. Mechi za daraja zisubiri mpaka hapo.